Habari ziwafikie popote walipo: kisa cha tangazo la kifo ambalo halikusomwa

Bibi yetu alifariki Kojani, Pemba, kabla ya adhana ya Alfajiri. Mimi nipo mjini Unguja. Simu iliponifikia, jambo la kwanza nililolifanya ni kufungua kundi la ukoo la WhatsApp na kuandika mistari miwili. Kundi lile lina watu zaidi ya mia moja: wa Unguja, wa Wete, wa Dar es Salaam, wa Tanga, wa Maskati, na wengine wako Uingereza. Haikupita nusu saa rambirambi zikajaa. Binamu yangu wa Wete akaniuliza kama atoke kwenda kutia tangazo redioni. Nikamjibu hapana haja, watu wote wameshapata habari.

Hawakupata wote. Ami yangu, mtoto wa pili wa marehemu, alikuwa dago. Kwa msomaji asiyewajua Wakojani: hawa ni wavuvi wa kuhama. Msimu ukifika hutia nyavu, unga na maji ndani ya chombo, wakaenda kupiga kambi penye samaki, na huko hukaa wiki au miezi. Safari ile walikuwa upande wa magharibi wa Pemba, kwenye kisiwa cha Njao. Simu ya ami ni kitochi, na chaji ilikuwa imekwisha tangu juzi yake. Alichokuwa nacho ni redio ya betri, imetundikwa kwenye nguzo ya kibanda. Kila asubuhi wakirudi baharini huisikiliza taarifa ya habari, halafu matangazo ya vifo, ndipo wanapolala. Asubuhi ile waliisikiliza kama siku zote. Yakasomwa ya watu wengine. La mama yake halikuwamo.

Tulizika saa kumi alasiri. Kutoka Njao hadi Wete kwa boti ya mashine, kisha gari hadi kivukoni, kisha mtumbwi hadi Kojani: kwa tangazo la asubuhi angewahi, tena kwa nafasi. Angeshuka mwanandani kumpokea mama yake, na hiyo ni haki ya mtoto ambayo hairudi ikipita. Habari aliipata kwa mchuuzi aliyekwenda kununua samaki, na alifika siku tunaanua tanga.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyasikiliza kwa sikio jingine maneno ya watu wanaosema redio ya umma imepitwa na wakati, kila mtu ana simu, shirika letu la utangazaji, ZBC, lijitegemee kama mashirika mengine yanavyojitegemea. Mimi mwenyewe nilikuwa na fikra hizo, na nilizitekeleza kwa mkono wangu asubuhi moja. Kwa hiyo nataka kulichambua jambo hili kuanzia pale kambini Njao, kisha niende kwenye fedha, kwa sababu mara nyingi tunaanza na fedha, na tukifika kwenye huduma tumeshachoka.

Tangazo la kifo ni nini

Kila Mzanzibari anaijua sauti yake. Bwana fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, maziko yatafanyika leo baada ya sala ya Alasiri kijijini fulani, habari ziwafikie fulani wa Makunduchi, fulani wa Micheweni, pamoja na ndugu na jamaa wote popote walipo. Haizidi nusu dakika. Anayelipeleka hulipa ada ndogo, na wasikilizaji ni kisiwa kizima.

Hayo maneno "popote walipo" ndiyo yenye uzito wote. Ujumbe wa simu unakwenda kwa mtu ambaye namba yake unayo, ana chaji, ana bando, na mnara umemfikia. Tangazo la redio linamwendea hata yule usiyejua kuwa alistahili kuambiwa: mzee aliyesoma chuo kimoja na marehemu, mwanamke aliyenyonyeshwa naye, mdai wake, mdaiwa wake. Nimekwenda maziko mengi ambayo nusu ya waliokuja hakuna mwenye namba zao.

Sasa litazame tangazo hilo kwa jicho la mhasibu. Nusu dakika ya asubuhi, saa ambayo redio inasikilizwa kuliko saa zote, ni bidhaa ghali. Kampuni ya simu au ya vinywaji ingeinunua mara moja. Ukimwambia mkurugenzi yeyote kwamba kuanzia mwaka ujao sehemu kubwa ya mishahara ataitafuta mwenyewe, hahitaji kuwa mtu mbaya ili aanze kuyasogeza matangazo ya vifo hadi saa zisizo na wanunuzi, au kuongeza ada, au yote mawili. Atafanya hivyo kwa nia njema kabisa ya kulinusuru shirika. Na siku hiyo mtu aliyeko dago ameshapotea, wala hakuna atakayegundua, maana watu wa dago hawaandiki malalamiko.

Tangazo la kifo haliko peke yake. Ipo jioni ya mwezi 29 Shaabani na ya mwezi 29 Ramadhani, nchi nzima inapokaa kimya kusubiri taarifa ya kuandama kwa mwezi. Ipo hali ya bahari. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakaribia pwani yetu, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisitishwa, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikawa inatoa tahadhari moja baada ya nyingine. Mwenye simu kubwa aliziona kwa picha na rangi. Mwenye ngarawa alizipata kwa redio au hakuzipata. Nchi iliyoshuhudia MV Spice Islander ikizama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, ikiwa njiani kwenda Pemba, kisha MV Skagit karibu na Chumbe Julai 2012, haina sababu ya kuihesabu taarifa ya bahari kuwa kipindi cha kujazia muda.

Na upo umeme. Watu wa Unguja wanaukumbuka mgao usio na mgao, kiza kilichoanza Disemba 2009 kikamalizika Machi 2010, baada ya njia ya umeme kutoka Bara kuharibika. Miezi mitatu. Televisheni zikawa mapambo, simu tukizipanga foleni kwa wenye jenereta. Redio ya betri ndiyo iliyobaki kuwa kitu cha kawaida ndani ya nyumba. Lakini ili redio ya betri iseme, lazima upande wa pili kuwe na jenereta, dizeli, na fundi wa zamu. Sijapata kusikia kampuni iliyodhamini dizeli ya mnara.

Nani alilipa zamani

Redio ya hapa ilianza 1951 kwa jina la Sauti ya Unguja, na kwa miongo mingi makao yake yamekuwa Raha Leo. Umuhimu wake hauhitaji kuelezwa kwa mtu anayejua kilichotokea Januari 1964: John Okello, mmoja wa viongozi wa Mapinduzi, alizungumza na nchi kupitia redio kabla watu hawajaiona sura yake. Miaka kumi baadaye, 1974, Zanzibar ikafungua televisheni ya rangi, ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara, wakati ndugu zetu wa Bara walisubiri hadi 1994 kupata kituo chao cha kwanza. Redio na televisheni ziliendeshwa mbalimbali, Sauti ya Tanzania Zanzibar huku na TVZ kule, mpaka sheria ya 2013 ilipoziunganisha kuwa Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC.

Tunajivunia sana ile televisheni ya rangi, na tuna haki. Tunasahau tu kujiuliza ililipwa na nani. Zama zile karafuu ndiyo iliyokuwa ikiibeba hazina ya Zanzibar, na karafuu nyingi hutoka Pemba. Mkulima aliuza kwa serikali peke yake, kwa bei iliyopangwa na serikali, na tofauti kati ya bei ile na ya soko la dunia ndiyo iliyojenga mambo mengi, nyumba za Michenzani na mitambo ya televisheni ikiwa miongoni mwao. Kwa maneno mengine, mchumaji karafuu wa Mtambwe alilipia televisheni ambayo pengine hakuwa na chombo cha kuitazamia. Hakuitwa mlipa ada, lakini alilipa.

Nalisema hili kwa sababu watu husema "ruzuku ya serikali" kana kwamba ni sadaka. Ruzuku ni fedha ya mkulima wa karafuu, ya mwanamke wa mwani, ya mwenye duka Darajani. Swali la ada mpya ya utangazaji, ambayo nitaifikia, kwa hiyo si kama wananchi waanze kulipa. Wamelipa tangu mwanzo. Swali ni kama walipe kwa njia wanayoiona, na wapate sauti katika wanacholipia.

Fedha za kesho

Njia ya kwanza inayotajwa ni biashara. Nitaimaliza haraka. Sensa ya 2022 imehesabu Wazanzibari 1,889,773. Hilo ni soko dogo, na bajeti kubwa za matangazo hupangwa Dar es Salaam, ambako vituo vyao vinatufikia hapa hapa kwa king'amuzi. Pemba nzima ina watu 543,441, wengi wao wakulima na wavuvi ambao hakuna kampuni inayowagombania. Redio inayofuata fedha itakwenda Mjini Magharibi, na Pemba itabakishiwa marudio. Matangazo ya biashara yawepo, yasaidie televisheni, muziki na mpira. Yasipewe kazi ya kubeba mwezi, maiti na bahari.

Njia ya pili ni ada, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ni njia yenye mvuto. Hoja inakwenda hivi: karibu kila nyumba yenye umeme inanunua kwa TUKUZA, mita yetu ya kulipia kabla, basi shilingi kidogo zikatwe humo kila mwezi kwa ajili ya utangazaji. Si ndoto. Bara wamekuwa wakikata kodi ya majengo kupitia LUKU, mita yao ya namna hiyo hiyo, tangu Agosti 2021. Italia iliitia ada ya shirika lao la utangazaji ndani ya bili ya umeme mwaka 2016, na waliokuwa wakikwepa wakapungua mno, hata kiwango chenyewe kikashushwa hadi euro 90 kwa mwaka. Waingereza wao bado wanatumia leseni ya televisheni, iliyofika pauni 174.50 kwa mwaka Aprili 2025, na hati inayoiongoza BBC inafika mwisho wake mwishoni mwa 2027, kwa hiyo nao wanabishana kama sisi.

Lakini Ugiriki nako walikata ada ndani ya bili ya umeme. Juni 2013 serikali yao ilitangaza kulifunga shirika la utangazaji, na usiku ule ule matangazo yakakatwa. Wananchi walikuwa wamelipa, na hawakuulizwa. Ada peke yake haimfanyi mlipaji kuwa mwenye mali.

Kwetu kuna kasoro nyingine zaidi. Mita ya TUKUZA haimjui tajiri wala maskini: nyumba ya vyumba viwili Kojani, inayokaliwa na familia tatu, itakatwa sawa na jumba la Mbweni. Mpangaji ndiye atakayelipa, si mwenye nyumba. Waliolipishwa kodi ya majengo kupitia LUKU wanalijua hilo. Na kubwa kuliko yote ni imani.

Niseme wazi. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza tangu kurudi kwa vyama vingi, majimbo yote 21 ya Pemba yalikwenda kwa chama cha upinzani cha CUF. Tangu hapo, uchaguzi hata uchaguzi, upinzani umelalamika kwamba redio na televisheni za serikali zina upande. Matokeo ya 2015 yalipofutwa tarehe 28 Oktoba, tangazo la kufutwa lilitolewa kupitia ZBC. Watangazaji hawakulaumiwa kwa uamuzi ule, wala hawakustahili. Lakini kwa watu wengi wa Pemba, chombo kilichosoma habari ile na chombo kinachosoma vifo vyao ni kimoja. Wanaisikiliza kwa vifo. Ukiwaambia waichangie kila wanaponunua umeme, watauliza ni ya nani, na jibu la kweli ni kwamba Mkurugenzi Mkuu wake huteuliwa na Rais. Ada ikija kabla ya bodi ambayo pande zote zinaiamini, itaonekana kuwa faini. Mimi mwenyewe nisingeiunga mkono.

Njia ya tatu sijaisikia ikisemwa kwa sauti, nami ndiyo inayonivuta. Kazi iliyofanywa na karafuu miaka ya sabini, leo inafanywa na utalii. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000, na tangu Oktoba mwaka huo kila mgeni mtu mzima kutoka nje hulipa dola 44 za bima ya lazima ili aingie. Dola moja tu kwa kila mgeni, ikitengwa kisheria kwa huduma za utangazaji ambazo hakuna tangazo la biashara linaloweza kuzilipia, ni zaidi ya dola 700,000 kwa mwaka. Mgeni naye ananufaika: boti anayopanda kwenda Pemba inaongozwa na nahodha anayehitaji taarifa ya bahari.

Hapa lazima nijipinge. Mwaka 2019 wageni walikuwa zaidi ya 538,000. Mwaka 2020, kwa maradhi ya corona, wakashuka hadi kiasi cha 260,000. Mwaka ule ule ambao watu walihitaji redio kuliko wakati wowote, mfuko wa utalii ungepungua kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo fedha ya wageni haiwezi kuwa nguzo. Nguzo ibaki ruzuku, lakini si ruzuku ya kuombwa upya kila bajeti mbele ya Baraza la Wawakilishi kama mtu anayeomba nauli. Iwe ya miaka mitano, imeandikwa kwenye sheria, na ndani yake zitajwe kwa jina huduma ambazo hazikatwi: vifo, mwezi, bahari, maradhi, skuli, na Pemba. Dola ya mgeni iwe ya akiba, ya mitambo na dizeli.

Pemba naitaja peke yake makusudi. Kisiwa kile ni vilima na mabonde, na mawimbi ya FM hayapindi kona: mnara mmoja wa Unguja hauwezi kuwafikia watu wa mabondeni. Zamani mitambo ya Dole, Unguja, ilirusha kwa masafa mafupi, kilohezi 11735, na sauti ya Zanzibar ikasikika hadi Ulaya na Japani kwa watu wenye hobi ya kutafuta stesheni za mbali. Fahari nzuri, lakini kuna mabonde kule Pemba ambayo redio ya simu hukoroma. Redio Jamii Micheweni, iliyosaidiwa na UNESCO kuanzishwa, imeonyesha kwamba Wapemba wakipewa kipaza sauti wana mengi ya kuambizana. Nayo, kama redio nyingi za jamii, hupumua kwa fedha za wafadhili, na mfadhili ana siku yake ya kuondoka.

Hilo la wafadhili tumelionja karibuni. Watu wa huku ni wasikilizaji wakubwa wa idhaa za nje. BBC imetangaza kwa Kiswahili tangu Juni 1957, na mzee asiyeijua si mzee wa Pemba. Januari 2023 BBC iliifunga redio yake ya Kiarabu, iliyodumu miaka 85. Machi 2025 serikali ya Marekani ikawapeleka likizo ya lazima karibu wafanyakazi wote wa Sauti ya Amerika. Hakuna kura ya Mzanzibari iliyohusika, na haikupaswa, kwa sababu ni fedha zao. Mtu aliyezoea kupima habari za nyumbani kwa mizani ya idhaa ya nje, mizani hiyo inaweza kuondolewa barazani akiwa amelala. Ndiyo sababu nyingine ya kuitaka redio ya hapa iwe ya kuaminika hapa hapa.

Narudi kwa ami. Alipofika hakunipigia kelele. Alikaa kwenye mkeka, akanywa kahawa aliyopewa, akaniuliza jambo moja tu: kama asubuhi ile redio ilikuwa mbovu. Siku tatu zile akiwa Njao hakuwa na wasiwasi wowote juu ya mama yake, maana kwake yeye kifo ambacho hakikusomwa hakijatokea, na aliyekwenda kutia tangazo hawezi kusahau.

Nikamwambia redio ilikuwa nzima. Akanyamaza kwa muda. Kisha akaomba apelekwe kaburini.